Farasi Niliyedaiwa Kumroga

Sijamsamehe msimamizi wangu, na sioni sababu ya kuanza kwa kujifanya nimemsamehe. Bado tunafanya kazi shamba moja. Asubuhi ananipangia kazi za siku, mimi naitikia, basi. Wafanyakazi wapya wakituona hudhani tuligombana juu ya cheo au mapenzi. Tuligombana juu ya farasi.

Shamba liko chini ya Uluguru, upande wa Bigwa, pale mlima unapoanza kuinuka. Mwenye shamba ni mama wa Kizungu aliyekuja nchini akiwa mtu mzima. Kiswahili chake ni kizuri, cha kusomea. Kila neno analitamka kama analiweka mezani. Anafuga farasi. Mwisho wa wiki watu hutoka Dar es Salaam na watoto wao, wakapandishwa, wakazungushwa uwanjani, wakapiga picha, wakaondoka.

Mimi sikuwapenda farasi. Niliingia pale kufyeka majani, nikahamishiwa bandani baada ya mtunzaji mmoja kupigwa teke la paja na kuacha kazi. Nilikubali kwa sababu wafanyakazi wa bandani walipewa chumba na sebule, na mimi nilikuwa na wadogo wawili.

Baba alitangulia kufariki. Mama akamfuata nikiwa kidato cha pili. Kwetu Waluguru watoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo baada ya arobaini mjomba wetu, kaka yake mama, alishuka na mpango wake tayari: mimi, binti mkubwa, niende kwa mama mdogo Matombo, mdogo wangu wa kiume aende kwake, na wa kike, ambaye bado alikuwa ananyonya kidole, aende kwa bibi mmoja wa ukoo huko Kinole. Nyumba tatu, milima mitatu. Nilikataa. Niliacha shule nikawashika mwenyewe. Mjomba hakunigombeza. Alisema tu, "Haya, mpwa wangu. Siku utakayokosa pa kuwaweka, nitakuja kuwachukua." Chumba cha shambani ndicho kilichomfanya akae kimya miaka yote ile.

Sasa msimamizi. Yeye ni Mnyamwezi wa Tabora, na Wanyamwezi ni watani wetu tangu enzi za misafara ya wapagazi. Utani wetu si mchezo wa watoto. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe, akakunyang'anya sahani ya wali, akakuambia msibani kwako kwamba marehemu amekimbia sura yako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako. Kwa miaka minne tuliishi hivyo, na nakiri zilikuwa asubuhi nzuri.

"Mluguru," alikuwa akiniita kutoka mlangoni mwa banda, "leo umeshuka na mikungu mingapi kichwani?"

"Mpagazi, umeamka? Nilidhani bado unatafuta njia ya Bagamoyo."

Masika hiyo mvua ilinyesha hadi kuta zikaota ukungu. Kijito tulichochotea maji kilikuwa kinakuja chekundu, kimebeba udongo wa mashamba ya juu. Msimamizi akaamuru maji yasipelekwe kwa farasi moja kwa moja. Tuyajaze kwenye mapipa sita nyuma ya banda, yakae siku tatu tope litulie, ndipo tuchote ya juu. Ni utaratibu wa kwetu sote; hata nyumbani mlimani maji ya masika huwekwa yatulie kabla ya kutumika. Mimi ndiye niliyekuwa najaza. Pipa halikuwahi kuisha, maana likifika nusu tuliongeza juu. Viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinacheza humo, tukavisukuma kwa bakuli na kuchota pembeni. Jioni mbu walikuwa wengi bandani kiasi kwamba ukifungua kinywa kuongea unameza mmoja. Hakuna aliyeona ajabu. Ilikuwa masika.

Asubuhi moja msimamizi alikuwa anampiga brashi jike wa kijivu. Huyo alikuwa farasi wake. Si kwa kumiliki, ila yeye ndiye aliyemfundisha na yeye tu ndiye aliyempanda. Mimi nilikuwa napita na toroli la samadi.

"Mwangalie Mluguru," akawaambia wenzetu. "Miaka minne bandani, akimkuta farasi bado anamwamkia shikamoo."

Nikaweka toroli chini. "Huyo jike wako nitamroga," nikamwambia. "Wiki ijayo hasimami. Utambeba mgongoni kama babu yako alivyobeba meno ya tembo."

Banda zima lilicheka. Yeye alicheka kuliko wote, akajifuta macho kwa mkono wenye brashi. "Roga," akasema. "Uchawi wenu hauvuki migomba."

Siku ya nane jike wa kijivu alijikwaa akitoka mlangoni. Palikuwa sakafu tupu, hapakuwa na jiwe. Alijikwaa tena uwanjani, miguu ya nyuma ikapishana kama ya mlevi. Kufika mchana ngozi ya bega lake ilikuwa inarukaruka yenyewe, mdomo unatetemeka, na mwili una joto la kuogopesha. Alikataa pumba. Nilidhani kuna gunzi limemkwama, nikamfungua kinywa nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Hamkuwa na kitu. Kisha akatembea hadi ukutani, akaweka paji la uso pale, akawa anasukuma ukuta kana kwamba nyuma yake kuna njia.

Msimamizi alisimama akimwangalia.  Alinigeukia mara moja, na macho aliyonitazama nayo hayakuwa ya mtani.

Kesho yake jike alikuwa amelala ubavu na hawezi kuinuka. Mwenye shamba, aliyekuwa Dar, alirudi asubuhi ile akatuita sote barazani. Alikuwa na viatu vya safari bado, na alikuwa amelia.

"Nataka kujua," alisema, "nani alimpa nini farasi huyu. Nani alikuwa na hasira. Nani alisema neno lolote."

 Msimamizi akanyoosha kidole. Hakuwa na haraka.

"Huyu alisema atamroga. Alisema wiki ijayo hasimami. Wote walisikia."

Mwenye shamba akawauliza wenzangu mmoja mmoja kama ni kweli. "Ni kweli alisema, Mama, lakini..."

"Sikuuliza lakini."

"Mama," nikasema, "ule ulikuwa utani. Huyu ni mtani wangu. Yeye mwenyewe anajua."

Kwake neno hilo lilikuwa na maana ya mzaha tu, kama kumfichia mtu kofia. "Mzaha gani wa kusema utamwangusha mnyama, na mnyama anaanguka?" Akanitazama juu hadi chini. "Mimi siamini uchawi. Lakini sumu naiamini."

Msimamizi angeweza kuyamaliza kwa sentensi mbili. Mwanamke yule alimwamini kuliko mtu yeyote pale. Angesema: Mama, sisi na wao ndivyo tunavyosalimiana, hata mimi nimemwambia mabaya zaidi. Aliangalia buti zake.

Uamuzi ukatolewa palepale. Nisikanyage bandani. Nifyeke uzio hadi majibu ya vipimo yatoke. Yakionyesha sumu, naondoka siku hiyohiyo, chumba nakiacha, na polisi wataitwa. Sikufikiria polisi. Nilifikiria nyumba tatu, milima mitatu.

Daktari wa mifugo alikuja kutoka chuo cha kilimo saa sita. Alivaa glavu juu ya glavu. Alimtazama jike kwa muda mrefu bila kumgusa, kisha akauliza ni nani aliyeingiza mkono kinywani mwake. Msimamizi alisema yeye, alipojaribu kumpa maji. Mimi nikapaza sauti kutoka kwenye uzio kwamba hata mimi.

"Inaweza kuwa kichaa cha mbwa," daktari alisema. "Inaweza kuwa kitu kingine. Sitabahatisha. Nyie wawili nendeni hospitali leo mkachomwe chanjo. Leo, si kesho."

Kwa hiyo mchana ule niliketi benchi moja na mtu aliyeniita mchawi, tukisubiri sindano. Nesi alikuwa mtu wa mdomo.

"Mmeumwa na mbwa wa nani?"

"Farasi," msimamizi akasema.

"Farasi gani tena anang'ata watu wawili? Au mlikuwa mnagombea kumbusu?"

Hakuna aliyecheka, naye akanuna na kuendelea kuandika. Alipoingia chumbani kuchukua dawa nikamgeukia msimamizi.

"Kaka, kwa nini hukumwambia ni utani?"

"Sikuulizwa."

"Na kuhusu kuroga uliulizwa?"

 Akasema, bila kunitazama, "Nina watoto wanne. Farasi alikuwa mkononi mwangu. Ulitaka niseme nini, kwamba sijui?"

"Ndiyo. Ungesema hujui."

"Wewe hujui kazi ya usimamizi."

Tuliitwa. Alitangulia yeye, akatoka akiwa ameshika bega, akaondoka na gari la shamba bila kunisubiri. Nilirudi kwa miguu.

Jike alikufa siku ya tatu. Walimzungushia marobota ya majani makavu ili asijiumize, wakamgeuza ubavu huu na huu, wakamtundikia maji ya mshipa. Mimi niliona yote kutoka kwenye uzio nikiwa na fyekeo mkononi. Sitasema nilimlilia. Nilikuwa nahesabu: akifa hivi, watapima nini, na kipimo kitasema nini juu yangu. Daktari alichukua sehemu ya ubongo, akaifunga kwenye chombo cha barafu, akasema itapelekwa maabara na majibu yatachukua muda.

Ndani ya muda huo habari ilipanda mlima. Sijui nani aliibeba; labda mwuza ndizi, labda simu. Mjomba alifika Jumamosi asubuhi, suruali imekunjwa hadi magotini kwa matope, kapu mkononi. Nilimwamkia. Aliitikia, akaketi kwenye kigoda changu, akawatazama wadogo zangu waliokuwa wanafua sare.

"Kule juu wanasema mpwa wangu ameua farasi wa Mzungu kwa dawa," alisema.

"Sikuua, mjomba."

"Najua. Ungekuwa na dawa ungeniua mimi zamani."

Ile ilikuwa njia yake ya kunipa pole. Kisha akatoa alichokijia. Kama nafukuzwa, asisikie kwa watu. Nimwambie mapema aje achukue watoto kwa heshima, kabla hawajatolewa na askari huku vyombo viko nje. "Na hata usipofukuzwa," akaongeza, "watasomaje wakiitwa wadogo wa mchawi?"

Mdogo wangu wa kike aliacha kufua. Wakati huo alikuwa darasa la tano, na hakunyonya kidole tena, ila nilimwona ameficha mikono ndani ya povu.

"Mjomba, subiri majibu," nikasema.

"Majibu yakija nipigie. Nitashuka siku hiyo, yawe mabaya au mazuri. Nataka kusikia kwa masikio yangu, si kwako."

Kabla majibu hayajatoka, farasi wa pili akaugua. Huyu alikuwa dume wa kahawia, mzee na mpole, yule tuliyempandishia watoto wadogo. Dalili zilikuwa zilezile: bega likarukaruka, mguu wa nyuma ukaburuzika, mdomo ukapinda upande. Mimi sikuwa nimeingia bandani kwa siku kumi na mbili. Mlango ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa shingoni kwa msimamizi. Nikadhani sasa nimepona. Jioni hiyohiyo nikasikia wanavyosema jikoni: kama aliweza akiwa ndani, kumbe anaweza hata akiwa nje. Kufuli la mlango lilikuwa limenitetea kwa sumu tu, si kwa uchawi.

Daktari aliporudi kumtazama dume, hakuishia bandani. Alizunguka nyuma. Nilikuwa nafyeka karibu, nikamwona ameinama juu ya pipa la kwanza, kisha la pili, mpaka la sita.

"Nani anajaza haya?"

Msimamizi alikuwa naye. "Yule pale," akasema, kidole kilekile.

"Ni mimi," nikasema. "Sasa hivi anajaza mwingine, lakini yalipoanza ni mimi."

"Kwa nini yanatuama?"

Nilimwachia msimamizi ajibu. Alichelewa. "Tope litulie," alisema hatimaye.

"Agizo la nani?"

"Langu."

Daktari alitikisa kichwa. Hakukasirika. Alichota bakuli moja akatuonyesha viluwiluwi kana kwamba hatujawahi kuviona. Akatuambia anachokishuku: kuna virusi vinavyokaa kwa ndege, mbu akimuuma ndege anavibeba, akimuuma farasi anavimwachia, na vikifika kwenye ubongo au uti wa mgongo farasi huanguka kama tulivyoona. Wapo farasi wanaoumwa na mbu huyo wasiugue kabisa. Hana uhakika mpaka maabara iseme. Wala hana uhakika kama mbu wenyewe ni wa mapipa haya, maana masika mbu wako kila mahali, hadi kwenye nyayo za ng'ombe zilizojaa maji. "Lakini mwageni leo," alisema. "Na mkiweka maji, yafunikeni."

Mapipa yakamwagwa. Niliyapindua mimi na mwenzangu mmoja. Hakuna aliyekumbuka kunikataza, kwa sababu yalikuwa nje ya banda. Maji yalitoka yakiwa safi juu na ugali wa tope chini. Nilijiuliza, na bado najiuliza, kama nilimuua jike wa kijivu kweli, bila uchawi na bila sumu, kwa ndoo yangu na kwa utii wangu. Hilo sijawahi kumwambia msimamizi. Asingestahili kulisikia.

Majibu yalifika baada ya wiki kadhaa. Daktari alimpigia mwenye shamba: hapakuwa na kichaa cha mbwa, hapakuwa na sumu. Vilikuwa vile virusi vya mbu. Wakati huo dume wa kahawia alikuwa ameanza kula na kusimama vizuri, ingawa mdomo wake ulibaki umepinda.

Mwenye shamba aliniita peke yangu sebuleni kwake. "Nilikosea," alisema. "Rudi bandani. Tusahau."

"Mama, nashukuru. Lakini sitarudi hivyo."

Alishangaa. Nadhani alifikiri nataka kitu mkononi.

"Nilisemwa mbele ya watu wote barazani," nikamwambia. "Naomba lifutwe palepale, mbele ya walewale. Na alifute yeye aliyesema. Mjomba wangu nitampigia leo ashuke kesho asubuhi. Naomba iwe kesho."

"Na asipotaka?"

"Basi nitafungasha, na wadogo zangu watagawanywa. Lakini siwezi kulala humu wakiwa wadogo wa mchawi."

Nilisema kwa sauti ya kawaida.  Wapo watakaosema ningenyamaza nikachukua kazi yangu, maana chumba kilikuwa kimeshapatikana. Ndivyo alivyosema hata mwenzangu wa kupindua mapipa. Lakini mjomba alikuwa ameshasema: kubaki shambani hakungetosha.

Asubuhi tukakusanyika. Mjomba alisimama kando ya ngazi, kofia mkononi. Mwenye shamba akaeleza majibu kwa Kiswahili chake cha neno moja moja, kisha akamwambia msimamizi aendelee.

Msimamizi akajikohoza, akatabasamu. Alikuwa ametafuta mlango wa kutokea.

"Jamani," akasema, "Waluguru wangekuwa wanajua kuroga, wangejiroga kwanza miguu iache kupanda milima. Huyu hawezi kuroga hata kuku."

Wakacheka. Lilikuwa jambo la kuchekesha, nami najua utani mzuri nikiusikia. Hata mjomba midomo ilimcheza. Miezi miwili nyuma ningemjibu, tungeyamaliza pale barazani, na kesho yake angeniuliza nimeshuka na mikungu mingapi.

"Sasa sema bila utani," nikamwambia.

Kicheko kikakatika. Mtani haambiwi hivyo. Ni kumwambia kuanzia sasa wewe ni mtu baki, na kila aliyekuwa pale, wa mlimani na wa mjini, alielewa isipokuwa mwenye shamba. Msimamizi alinitazama kuona kama nitarudi nyuma.

"Dada," akasema taratibu, na hakuwahi kuniita dada, "yaishe."

"Sema."

Alivua kofia. "Hakuroga," alisema. "Hakumpa farasi sumu. Alipoyasema yale nilijua ni utani. Nilipoulizwa nikaficha."

"Umesikia, mjomba?" nikauliza.

"Nimesikia."

Watu wakatawanyika. Msimamizi akaelekea bandani, nami nikamfuata nyuma kwa hatua kama ishirini, kwa sababu ndiyo njia iliyopo na kazi ilikuwa inasubiri. Mlangoni alisimama akanipa ufunguo wa kufuli. Niliupokea, nikaingia kusafisha.

Mjomba alinisubiri hadi saa nne, nilipopata nafasi ya kumchemshia chai. Alikunywa, akaniuliza kidogo juu ya shule ya wadogo zangu, akatikisa matope kwenye suruali. Hakusema lolote juu ya kuwachukua. Akapanda mlima na kapu lake, peke yake.